Vitamini Ni Chakula, Sio Dawa: Niliyowaambia Wafugaji Wenzangu wa Tabora

Jumamosi mvua iliwazuia wengi kufika ukumbini pale Ipuli na tangu juzi simu haipoi, kila mtu anataka nimweleze nilichosema. Nimeona bora niandike yote mara moja. Nimeandika kama nilivyoongea, maana sijui kuandika kwa namna nyingine.

Mwangaluka! ... Mmeitika kama watu waliolala na njaa, mwangaluka tena! Haya, sasa tumeamka.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama wenzangu, vijana, na bwana mifugo wetu wa kata ambae nimefurahi sana kumuona kakaa kiti cha mbele, asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Mimi mnanijua, nafuga kuku wa mayai huu mwaka wa kumi na mbili, na nachanganya chakula cha kuku nauza, kwahiyo nisiwafiche, hizo vitamini ninazokuja kuziongelea leo mimi mwenyewe naziuza. Na ndio maana nimeomba niongee mimi, kwa sababu dukani kwangu ndipo naposikia maneno yanayoniuma. Mtu anaingia ananiambia "dada nipe vitamini, kuku wangu wanaumwa." Namuuliza wanaumwa nini? "Aah wamezubaa tu, nipe vitamini." Wangapi hapa mmeshawahi kununua hivyo? Nyoosheni mikono. Msiogope, bwana mifugo hachukui majina. Mnaona? Karibu ukumbi mzima.

Sasa neno langu leo ni moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke. Vitamini ni chakula. Vitamini inajaza pengo lililopo kwenye chakula. Kama pengo lipo, itafanya kazi hadi utashangaa. Kama pengo halipo, umemwaga hela. Na kama umezidisha juu ya kisichokuwa na pengo, hapo unaweza kuua.

Niwaambie kwanza hii kitu ilijulikanaje, maana iligunduliwa kwa kuku, na wafugaji wa kuku tuna haki ya kujivunia.

Miaka ya 1880 kuingia 1890 kule Java, ambayo leo ni Indonesia, wakati ule ikitawaliwa na Waholanzi, palikuwa na daktari anaitwa Christiaan Eijkman. Alitumwa atafute sababu ya ugonjwa wa beriberi, watu wanapooza miguu, moyo unachoka, wanakufa, wanajeshi na wafungwa wanaisha. Wengi walikuwa wanaamini ni kijidudu. Daktari ana kuku wake pale maabara, siku moja anaona kuku wenyewe wanayumba, miguu haibebi, wanaanguka ubavu. Akajua kijidudu kimeshaingia kwa kuku. Alafu ghafla wakapona! Hakuna aliyewatibu, wamepona tu. Akaulizia ulizia mpaka jikoni. Kumbe anaewalisha alikuwa anachukua wali mweupe uliobaki kwenye jiko la hospitali ya jeshi, wali uliokobolewa ukang'aa. Akaja mpishi mpya, akakataa, akasema wali wa jeshi haulishwi kuku wa raia. Kuku wakarudishiwa mchele wa kawaida wenye ngozi yake. Wakapona.

Jamani mmeisikia hiyo? Mpishi mchoyo kaponya kuku!

Ilichukua miaka mpaka watu waelewe kwamba kwenye ile ngozi nyembamba ya mchele, ile pumba, kulikuwa na kitu ambacho mwili ukikikosa unapooza. Mwaka 1912 Casimir Funk, mtu wa Poland, akakipa kitu cha aina hiyo jina la vitamini. Mwaka 1929 Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Hopkins. Leo kile cha kwenye pumba tunakiita vitamini B1.

Kwanini nimewapa hadithi ndefu hivyo? Kwa sababu wale kuku hawakuwa na njaa. Walikuwa wanashiba kila siku. Matumbo yamejaa wali. Ukiwapima uzito wa chakula walichokula usingeona kasoro, na bado wakapooza. Kwahiyo unaponiambia "mbona kuku wangu wanashiba", mimi sijakuuliza kama wanashiba, nimekuuliza wanashiba nini.

Na sisi tunalisha nini hapa Tabora? Tusemane ukweli. Mahindi meupe, pumba ya mahindi, pumba ya mpunga, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo hela ikiwepo, chokaa, chumvi. Si ndio?

Mahindi meupe. Hapo ndipo pengo la kwanza. Mahindi ya njano yana karotini, ile rangi yenyewe, na mwili wa kuku unaigeuza kuwa vitamini A. Mahindi yetu meupe karibu hayana kitu cha namna hiyo. Sasa wewe unasoma fomula mtandaoni, imeandikwa na mtu wa nchi ambayo mifugo inalishwa mahindi ya njano, unaifuata kilo kwa kilo na mahindi yako meupe, alafu macho ya kuku yanatoa majimaji, kope zinashikana, ukimfungua mdomo unaona vipele vyeupe kooni, mayai yanapungua, unasema mafua. Inaweza kuwa mafua kweli, sikatai, mpeleke akaangaliwe. Lakini inaweza kuwa ni ukosefu wa vitamini A na unampa dawa ya mafua mwezi mzima.

Pumba ya mpunga nayo. Nendeni mashineni muangalie. Kuna ile laini inayoshika mkononi kama unga na ina harufu ya mchele, hiyo ndio yenye B1 aliyoitafuta Eijkman. Na kuna makapi, maganda yale makali yanayochoma mkono, yamesagwa humo humo, unauziwa gunia hilo hilo kwa jina hilo hilo la pumba. Chukua kiganja, puliza. Kinachoruka ni maganda. Mimi nikienda mashineni napuliza kabla sijalipa, waninunie wasininunie.

Alafu kuna vitamini B2, hii naomba mnisikilize vizuri hasa mnaolea vifaranga. Mwaka juzi mama mmoja wa Isevya aliniletea kifaranga kwenye boksi la viatu, wiki mbili na nusu. Nikakitoa nikakiweka juu ya kaunta. Macho yake meupe safi, anaangalia huku na huku, mchangamfu, nikamwekea punje akadonoa. Lakini hasimami. Amekalia magoti ya nyuma na vidole vya miguu vyote vimejikunja kwa ndani kama ngumi ya mtoto mchanga. Nikajaribu kuvinyoosha na kidole changu, vikanyooka, nikaachia, vikarudi vile vile. Akitaka kwenda anasukuma kwa mabawa. Mama anasema vifaranga kumi na saba wako hivyo na jirani kamwambia ni mdondo, ule ugonjwa wa kuambukiza unaomaliza kuku, awachome moto wote.

Nikamuuliza unawalisha nini? Pumba na unga wa sembe, hela ya chakula cha vifaranga iliisha wiki ya kwanza. Basi. Sembe! Nafaka iliyovuliwa ngozi, kama ule wali wa jeshi. Vidole kujikunja namna ile kwa kifaranga mchangamfu ni dalili inayojulikana ya ukosefu wa B2. Nikampa vitamini B ya kuchanganya kwenye maji, na nikamwambia nyumbani una mtindi? Wanyamwezi tukose mtindi? Yale maji ya njano yenye ukijani yanayojitenga juu ya mtindi, mnayajua, ile rangi ni B2 yenyewe. Nikamwambia loweka pumba na yale maji, wape, na usiyaache juani maana jua linaiua B2. Na chakula cha vifaranga nikamkopesha. Kumi na mbili walinyanyuka, tena wengine ndani ya siku chache. Watano hawakunyanyuka, walikaa sana, mishipa ya fahamu ilishaharibika, na hapo hata umpe lita nzima hairudi. Ndio maana nasema pengo lijazwe mapema.

Hapo vitamini ilifanya kazi kwa sababu pengo lilikuwepo. Sasa niwape upande wa pili, na huu nauongea kwa uchungu kwa sababu ni wa kwangu.

Mwaka wangu wa tatu wa kufuga nilikuwa na kuku chotara mia mbili na themanini. Asubuhi moja nakuta watatu wamepinda shingo, mmoja kichwa kimegeuka kabisa anaangalia juu. Kwenye duka moja nikaambiwa huo ni upungufu wa vitamini, B na E, wape hii kwa siku tano. Na kweli, ukosefu wa B1 unapindisha kichwa kwenda nyuma, ukosefu wa E unamfanya kifaranga ayumbe kama mlevi. Aliyeniambia hakusema uongo wa vitabu. Lakini hakuniuliza swali hata moja. Hakuniuliza wana umri gani, hakuniuliza wanaharisha kijani, hakuniuliza wanakohoa, hakuniuliza ni lini mara ya mwisho umechanja. Nikawapa vitamini siku ya kwanza, siku ya pili wakafa kumi na nne. Nikaongeza dozi. Siku ya tatu sikuhesabu. Ilikuwa mdondo. Nilibaki na kuku thelathini na mmoja.

Zile siku tano nilizokaa nasubiri vitamini ifanye kazi, ugonjwa ulihama kwenda kwa majirani wanne. Wawili wako humu ndani leo na wanajua, na nilishawaomba radhi, naomba tena mbele ya watu.

Ndugu zangu, hakuna vitamini inayotibu mdondo. Hakuna inayotibu gumboro, hakuna inayotibu ndui. Mdondo una chanjo, ile ya tone moja jichoni, I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine, kila baada ya miezi mitatu. Vitamini inaweza kumsaidia kuku aliyetoka kuumwa arudishe mwili. Tofauti ya kuangalia kwa haraka ni hii: vitamini ikikosekana kwenye chakula, tatizo linaingia polepole na linawapata wanaokula chakula hicho hicho, sana sana wadogo wanaokua. Mdondo unaingia ghafla, unaua wakubwa kwa wadogo, na unaruka ua. Ukiona vifo vinaongezeka kila asubuhi usije dukani kwangu, mpigie bwana mifugo. Na tuna kituo cha maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, hapa hapa Tabora. Peleka mzoga ungali mbichi. Wangapi mmeshawahi kwenda? ... Wawili. Wawili kati yetu wote hawa!

Na kuna jambo lingine wengi hamlijui, hata mimi nililijua nimechelewa. Kuhara damu. Kifaranga anahara damu, unanunua ile dawa yenye amproliamu, ni dawa nzuri, na kwa sababu unawapenda unaongeza na vitamini kwenye maji yale yale ili "wapate nguvu". Mnafanya hivyo? Sasa sikilizeni dawa ile inavyofanya kazi. Amproliamu imeumbwa ikafanana na vitamini B1. Kijidudu cha kuhara damu kinahitaji B1 ili kikue, kinakutana na amproliamu kinadhani ndio yenyewe, inaziba njia, kinakufa kwa kukosa B1. Ni mtego. Alafu wewe unakuja kumwaga B1 ya ukweli juu ya mtego! Unakilisha kijidudu. Alafu unasema dawa ni feki. Maliza dozi kwanza siku zilizoandikwa, vitamini ifuate baadae.

Hilo nalo likae. Lakini kubwa zaidi ni hizi pakiti. Nimekuja nazo mbili, mwenyekiti zipitishe watu wazione. Zote mbili zina picha ya kuku mnene na mayai, zote watu wanaziita vitamini. Geuzeni nyuma msome. Ya kwanza ina A, D3, E, K, na kundi la B. Hiyo ni vitamini. Ya pili, soma mstari wa kwanza... someni kwa sauti... oksitetrasaiklini. Hiyo ni antibaiotiki iliyochanganywa na vitamini! Mtu anawapa kuku wa mayai hii kila wiki akijua anawapa vitamini ili watage, na kila siku anaokota mayai anapeleka sokoni. Yule anaekula lile yai ni nani? Ni mwanao, ni mgonjwa wa hospitali ya Kitete, ni mama mjamzito. Anakula antibaiotiki kidogo kidogo bila kujua, na wadudu wanazoea dawa, siku anaumwa kweli dawa haimponyi. Pakiti kama hiyo inaandikwa siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Kama umeitumia, subiri siku hizo. Kama huwezi kumwaga mayai yako, usiitumie kwa kuku wanaotaga bila bwana mifugo kukuandikia. Hapa sina lugha laini. Kuuza yai la namna hiyo ni kumdhulumu mtu aliyekuamini.

Sasa usalama. Watu wananiambia vitamini haina madhara, ikizidi inatoka na mkojo. Nusu kweli. Za kundi la B na C zinayeyuka kwenye maji, za ziada nyingi zinatoka. (Na C kuku anajitengenezea mwenyewe, labda mwezi wa kumi joto letu likiwazidi ndio inasaidia kidogo.) Lakini A, D, E na K zinayeyuka kwenye mafuta, na A na D hasa zinabaki mwilini, kwenye ini na mafuta, zinajilundika. A ikizidi sana inavuruga kazi ya D, E na K, mifupa inakuwa mibovu. D ikizidi chokaa inaenda kukaa kwenye figo na mishipa. Mnajua D3 hiyo hiyo, kwa kipimo kikubwa, kuna nchi inauzwa kama sumu ya panya? Kitu kile kile! Kinachotofautisha chakula na sumu hapo ni kipimo.

Mwezi wa nne mwaka 2009 kule Florida, Marekani, farasi 21 wa mchezo wa polo, farasi wa thamani kubwa mno, walichomwa sindano ya mchanganyiko wa vitamini na madini ili wasichoke. Wakaanza kuanguka kabla hata mechi haijaanza. Wote 21 wakafa. Uchunguzi ukakuta seleniamu, ambayo ni madini mwili unayahitaji kidogo sana, ilikuwa imezidi. Duka la dawa lililochanganya lilikosea kipimo. Nia ilikuwa nzuri, na ndani ya sindano ile kulikuwa na vitamini B12 isiyo na tatizo lolote. Kosa lilikuwa kwenye hesabu.

Na hapa kwetu hesabu inakosewaje? Kijana mmoja wa kule Urambo alikuja kulalamika faida haioni, ana kuku mia mbili. Nikamwambia taja unachowapa. Chakula cha kiwandani cha kuku wa mayai, ambacho premiksi, yaani ule unga wa vitamini wa kuchanganya kwenye chakula, imeshawekwa humo. Akanunua premiksi nyingine anaongeza. Akawa anaweka vitamini kwenye maji siku nne kwa wiki. Na kila mwezi kuna mtu anapita na pikipiki anawachoma sindano ya A, D na E. Mara nne! Kitu kile kile, mara nne! Vitamini peke yake ilikuwa inamla zaidi ya elfu kumi na tano kila wiki. Tukafuta vitatu tukabaki na chakula cha kiwandani peke yake. Mayai hayakupungua hata trei moja.

Wenzetu wa Ulaya wana sheria ya mwaka 2003, kiongezo chochote cha chakula cha mifugo, vitamini zikiwemo, hakiingii sokoni mpaka kichunguzwe: je ni salama kwa mnyama, je ni salama kwa atakaekula nyama na mayai, je ni salama kwa anaekishika akichanganya, je kinaharibu mazingira, na je kinafanya kazi iliyosemwa. Naipenda hiyo kwa sababu inaweka watu watatu kwenye meza moja, mfugo, mlaji na mchanganyaji. Na wamepanga kikomo, kwa mfano D3 kwenye chakula cha kuku wa mayai isizidi uniti 3,200 kwa kilo. Kwa upande wa mlaji, chukueni mfano wa ini. Ini ndio ghala la vitamini A, na Uingereza wajawazito wanashauriwa wasile ini kwa sababu hiyo. Sijasema wajawazito wa Tabora waache ini, hilo muulizeni mkunga wenu kliniki, nasema tu unachomlundikia kuku hakiishii kwa kuku.

Na mchanganyaji ni wewe. Vumbi la premiksi likiruka usilivute. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nachanganya mdomo wazi, jioni pua inachoma, kifua kinabana, naamka na kikohozi, nikidhani ni vumbi la pumba. Funga kitambaa, osha mikono, na mtoto asichezee pale.

Wafugaji wa ng'ombe nisiwasahau, ingawa nitawapitia haraka. Ng'ombe mzima tumboni ana wadudu wazuri wanaomtengenezea B zote na K, kwahiyo ile siropu ya B unayomnywesha ng'ombe anaekula vizuri ni hela imepotea. D anaipata juani anapochunga. Kinachomtesha kwetu ni A, kuanzia kiangazi kinapokolea majani yakawa makavu meupe, karotini imeisha, anaishi kwa akiba ya ini, na akiba ni ya miezi michache tu. Ukiona ng'ombe jioni anajigonga kwenye miti, haoni giza likiingia, hapo sindano ya A ina kazi. Na ndama anazaliwa bila akiba ya maana, A yake inatoka kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Sasa kuna wanaokamua dang'a na kuimwaga kwa sababu ni nzito na ya njano! Ile njano ndio mali. Muacheni ndama anyonye.

Mwisho kuna suala la hifadhi, na hapa ndipo wauzaji tunawaumiza, nasema tunawaumiza nikijiweka na mimi. Premiksi inakuja kwenye mfuko mzito usiopitisha mwanga, umeandikwa tarehe. Inafunguliwa, inapimwa robo robo kwenye nailoni nyeupe, inatundikwa mlangoni. Mlangoni! Jua la Tabora la saa saba! Vitamini adui zake ni mwanga, joto na unyevu. Wiki tatu pale mlangoni, ukinunua unanunua vumbi la rangi. Haina lebo, haina tarehe, haina kipimo. Mimi nimeacha kupima tangu mwaka jana, nauza mfuko uliofungwa, na kama ni mkubwa kwako ungana na jirani mgawane siku hiyo hiyo. Na premiksi yenye vitamini na madini pamoja inachoka haraka kuliko ya vitamini tupu, usiiweke mwaka mzima uvunguni. Chakula ulichochanganya kiishe ndani ya wiki chache. Maji yenye vitamini yasilale mpaka kesho.

Kwa asiyekuwa na hela ya premiksi kabisa, msikate tamaa. Mchicha, matembele, majani ya mlonge. Yakaushwe kivulini, sio juani, mpaka yabaki ya kijani na yavunjike mkononi, alafu yasage. Majirani zetu wa Kigoma wana mawese, yale mekundu yamejaa karotini, wachache hapa wanayatumia. Lakini yawe mapya, mafuta yaliyochacha yanaiua vitamini E ndani ya chakula na hapo unajaza pengo moja unachimba lingine. Na mahindi yenye ukungu hapana, hata uyapakie premiksi ya ulaya nzima. Sumukuvu haiondolewi na vitamini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, sio kuku, watu.

Naona mvua imepungua. Mwenyekiti ameshatandika turubai pale kibarazani, kuna gunia moja la chakula kilo mia, mzani na premiksi ambayo lebo yake inasema kilo mbili na nusu kwa tani. Nani ananipa hesabu ya gunia? ... Gramu mia mbili hamsini, ndio mama, sawa kabisa. Sasa gramu mia mbili hamsini ukizimwaga juu ya kilo mia na kukoroga na koleo mara tatu, kuku mmoja atakula zote na wenzake wasionje. Kwahiyo tutaanza na bakuli la pumba laini kilo moja, tuchanganye humo kwa mkono mpaka rangi iwe moja, alafu kilo moja iingie kwenye kumi, kumi iingie kwenye mia, na gunia tuligeuze kutoka upande mmoja wa turubai kwenda mwingine mara nne. Fungeni vitambaa puani. Vijana wawili wenye nguvu washike makoleo, na wewe mama uliyepiga hesabu, njoo upime.